Televisheni iko stoo: tibamtandao kwenye kituo cha afya ianzie wapi?

Swali: Mimi ni tabibu mfawidhi wa kituo cha afya kilichoko kilomita 94 kutoka hospitali ya rufaa ya mkoa, na masika barabara hukatika. Mwaka jana mfadhili alituletea televisheni ya inchi 55, kamera ya mikutano na kompyuta mpakato kwa ajili ya tibamtandao, yaani kushauriana na madaktari wa mbali kwa njia ya mtandao. Tumeviwasha mara mbili tu. Mara ya kwanza picha ilikwama. Mara ya pili upande wa hospitali hakuna aliyepokea. Sasa viko stoo, na halmashauri inataka tuandike mpango wa kuvitumia kabla ya bajeti. Tuanzie wapi, na tuombe kununuliwa nini zaidi?

Jibu:

Ndugu mfawidhi, kwa sasa msiombe kununuliwa chochote. Katika hizo mara mbili, ile ya picha kukwama bila shaka ndiyo iliyowaudhi, lakini iliyoua huduma ni ya pili. Picha ikikwama unaweza kuandika ujumbe. Mtu asipokuwepo upande wa pili, hata mkivutiwa mkongo wa intaneti hadi wodini, mgonjwa wako anabaki pale pale kwenye benchi.

Mwaka 1999 shirika la hisani la Uingereza, Swinfen Charitable Trust, liliunganisha kituo cha kuwahudumia waliopooza huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, na madaktari bingwa walioko mbali. Vifaa vyote vilikuwa kamera ya dijitali, stendi yake ya miguu mitatu na barua pepe. Daktari wa Savar alipiga picha, akaandika maelezo, akatuma; bingwa akajibu alipopata nafasi. Tuite njia hii tuma-usubiri. Kwa kituo kilichoko kilomita 94 na mtandao wa kubahatisha, hii ndiyo njia ya kuanzia, na kwa magonjwa mengi ndiyo ya kumalizia pia. Video ina kazi zake, nitazitaja, ila ni chache kuliko watu wanavyodhani.

Mtu wa kujibu

Nenda hospitali ya mkoa mwenyewe, usitume barua. Zungumza na mganga mfawidhi na wakuu wa idara mbili au tatu tu ambazo wagonjwa wako wanazihitaji zaidi. Ili uzijue, fungua rejista ya rufaa ya miezi sita iliyopita na uhesabu: wangapi walipelekwa, kwa tatizo gani, na wangapi walirudi siku hiyo hiyo na dawa ambayo hata ninyi mnayo. Hao wa mwisho ndio wagonjwa wako wa kwanza wa tibamtandao. Mara nyingi watakuwa wa ngozi, vidonda vya kisukari, presha isiyoshuka, eksirei inayohitaji jicho la pili, na waliofanyiwa upasuaji wanaoenda kuonyesha kidonda kwa dakika tano baada ya kulipa nauli ya kwenda na kurudi.

Mnachokubaliana kiandikwe ukurasa mmoja na kisainiwe pande zote mbili. Kwanza, rota yenye majina, mwezi kwa mwezi, na jina la mbadala. Pili, namba ya simu ya idara, siyo ya daktari binafsi. Hili hupuuzwa sana. Huduma hujengwa juu ya daktari mmoja mwenye moyo, anajibu hata saa nne usiku. Siku akihamishwa au akienda masomoni, huduma inahama naye. Tatu, muda wa kujibu. Asubuhi hospitali iko kwenye ripoti, raundi na kliniki, kwa hiyo ukipiga saa nne asubuhi unapiga wakati mbaya kuliko wote. Ombeni kipindi cha kudumu, kwa mfano Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane hadi saa tisa mchana, ambapo aliye zamu anafungua meseji zote na kuzijibu kwa mkupuo.

Kisha gaweni wagonjwa kwa rangi. Kijani ni wa kusubiri hadi kipindi kijacho. Njano ni wa kujibiwa siku hiyo hiyo: mnatuma ujumbe na kupiga simu ya idara kusema ujumbe umefika, likipita saa moja kimya, mnampigia mbadala, likipita la pili, mnafanya uamuzi wenyewe kama ambavyo mngefanya bila mtandao, na mnaandika hivyo kwenye jalada. Nyekundu haingii kabisa kwenye tuma-usubiri. Mjamzito mwenye presha 160/110 au zaidi, hasa kama kichwa kinamuuma au macho yana ukungu, mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea, mtu yeyote mwenye oksijeni chini ya 90%, tumbo la ghafla, damu isiyokatika: hapa mnaanza matibabu ya dharura kwa mwongozo wa wizara na kuita usafiri wakati huo huo. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga ni m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, namba 115. Simu kwa bingwa inapigwa gari likiwa njiani, kwa sauti, na lengo lake ni mapokezi yawe tayari. Kosa hatari kuliko yote katika kazi hii ni mama mwenye kifafa cha mimba kucheleweshwa dakika arobaini huku mtu akihangaika kuunganisha kamera.

Kitu kingine cha kumpelekea bingwa ni karatasi moja inayoeleza kituo chenu: dawa mlizonazo kwa kawaida, vipimo mnavyofanya, mna eksirei au hamna, ultrasaundi ipo siku gani, gari la wagonjwa lipo au la kuazima. Asipokuwa nayo, atakushauri CT scan au dawa ambayo kwenye orodha yenu ya Bohari ya Dawa haipo, na mgonjwa ataishia kuandikiwa aitafute duka la mjini. Karatasi hiyo ibadilishwe kila robo mwaka.

Ujumbe wenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ujumbe unaotumwa mara nyingi ni huu: "Dokta, mama ana kidonda mguuni hakiponi, tumpe nini?" Chini yake picha moja iliyopigwa usiku kwa flashi. Bingwa hawezi kujibu hilo. Atauliza maswali sita, utajibu kesho, atauliza mengine, na siku ya tatu mmoja wenu atachoka. Linganisha na huu:

"Mgonjwa 014. Mwanamke, miaka 52. Kisukari miaka 8, anatumia metformin 500 mg mara mbili. Kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, siku 19, kilianza kwa malengelenge ya kiatu kipya. Leo saa 3 asubuhi: joto 37.9, mapigo 96, pumzi 18, presha 138/84, oksijeni 97%. Sukari kabla ya kula 14.2. Kidonda sm 3 kwa 2, usaha kidogo, harufu ipo, kijiti safi hakigusi mfupa. Ngozi pembeni ni ngumu na ya moto kwa upana wa karibu sm 2. Mapigo ya damu juu ya unyayo yanashikika. Hana hisia kwenye ncha za vidole. Amepewa amoksilini na klavulaniti 625 mg mara mbili kwa siku, leo siku ya 4. Usaha umepungua, moto haujapungua. Mzio hana. Eksirei hatuna. Anaishi kilomita 11 kutoka kituoni. Swali: tuendelee naye hapa kwa kubadili dawa, au aje kwenu? Akija, kuna gari Ijumaa alfajiri."

Huo ni ujumbe wa dakika nane kuuandika, na bingwa ataujibu kwa mbili. Angalia mambo matatu ndani yake. Namba zote zina saa yake, kwa sababu presha ya jana haimwambii mtu kitu. Dawa imetajwa na siku iliyofikia pamoja na kilichobadilika na kisichobadilika. Na mwisho kuna swali, moja, lenye njia mbili za kuchagua. Ujumbe usio na swali hujibiwa "endelea kumfuatilia," jibu ambalo halimsaidii mtu.

Namba ziwe za kweli pia. Mgonjwa wa presha akae dakika tano, mgongo umeegemea, mkono kwenye meza usawa wa moyo, na mkanda uwe wa saizi yake; mkanda wa kawaida ni wa mkono wenye mzingo wa sm 22 hadi 32. Mama mnene akifungwa mkanda mdogo presha inasoma juu kuliko ilivyo, na bingwa anaongeza dawa kwa presha isiyokuwepo. Oksimita ya kidole, yaani kipima oksijeni, inadanganywa na vidole vya baridi, rangi ya kucha na piko jeusi. Mwanamke aliyetoka harusini msomee kwenye kidole kisichopakwa, au geuza kifaa kikae ubavuni mwa kidole. Subiri mpaka mapigo yanayoonyeshwa yalingane na unayohesabu kwa mkono, ndipo uandike. Kumbuka pia kwamba kwa ngozi nyeusi vifaa hivi huelekea kusoma juu kidogo ya ukweli, kwa hiyo 92% kwa mtu anayehema kwa shida isikupe usingizi.

Jibu la bingwa nalo lina umbo lake, na ni haki yako kulidai: anafikiri ni nini, kifanyike nini hapo kituoni kwa vitu mlivyonavyo, na dalili gani ikitokea mgonjwa asisubiri tena. Liwe na jina lake, cheo na saa. Lichapishwe au linakiliwe kwenye jalada la mgonjwa, maana jibu lililobaki kwenye simu halipo siku simu inapopotea. Kwa maagizo ya mdomo, dozi irudiwe tarakimu kwa tarakimu. Sisi wa afya tukizungumza dozi tunaruka kwenye Kiingereza, na kwenye laini inayokwaruza fiftini na fifti ni neno lile lile. Sema "moja, tano".

Wajibu unabaki kwa nani? Aliyemshika mgonjwa ndiye anayeamua, na bingwa anawajibika kwa ushauri alioutoa kulingana na alichoelezwa. Ndiyo maana maandishi ni kinga ya wote wawili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu huduma za kidijitali unaikubali tibamtandao kati ya mtoa huduma na mwenzake kwa sharti kwamba usalama wa mgonjwa, faragha yake na uwezekano wa kujua nani alisema nini vinaweza kufuatiliwa. Kwa simu ya maneno matupu haviwezi.

Picha

Kwa vidonda na ngozi, simu ya kawaida ya mkononi ni bora kuliko ile kamera ya mikutano mliyopewa. Kamera ile imetengenezwa kuona meza nzima ya watu. Ukiisogeza karibu na kidonda inatia ukungu.

Piga karibu na dirisha, mchana, jua lisipige moja kwa moja, na zima flashi. Flashi kwenye ngozi nyeusi hung'arisha katikati na kuua kila kitu pembeni. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha kipele kimeinuka au kimebonyea. Tandika shuka ya rangi moja, ya kijani au bluu, siyo kitenge chenye maua. Picha tatu zinatosha: moja ya mbali kuonyesha ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu kama sm 30 pamoja na rula yenye namba ya mgonjwa, na moja ya kutoka ubavuni. Usikaribie zaidi, piga kisha kuza. Gusa kidonda kwenye kioo cha simu ili kamera ishike hapo, shikilia pumzi, piga mbili. Na kwa kuwa uvimbe wa moto kwenye ngozi yetu hauonekani mwekundu bali wa zambarau au mweusi zaidi, usitegemee picha peke yake. Gusa, kisha andika: ni ya moto, ngumu, inauma, au la.

Filamu ya eksirei ipigwe kwenye kisanduku chake cha taa, chumba kikiwa giza, simu ikiwa sambamba na filamu, umbali wa sm 60 hivi, na sehemu ya taa isiyofunikwa na filamu izibwe kwa karatasi nyeusi. Isipozibwa, kamera hufuata ule mwanga na mapafu yote yanatoka meusi. Kama kisanduku hakuna, fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta mpakato, ongeza mwanga hadi mwisho, shikiza filamu juu yake. Hakikisha alama ya kushoto na kulia inaonekana. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ilazwe iwe tambarare, ipigwe kutoka juu, karatasi nzima, pamoja na pembe iliyoandikwa mm 25 kwa sekunde na mm 10 kwa milivolti. Ukituma kwa programu za kuchati, tuma kama faili, siyo kama picha, la sivyo programu inaibana na mistari myembamba inapotea.

Ultrasaundi ni habari nyingine. Picha tuli ya ultrasaundi inaonyesha kile tu ambacho mpimaji alikiona tayari. Kama hakujua kukitafuta, bingwa hatakiona. Tumeni vipande vya video vya sekunde 5 hadi 10, na msianze na hii mpaka mpimaji awe amepata mafunzo ya mikono.

Siri ya mgonjwa

Najua tayari mna kundi la WhatsApp. Karibu kila wilaya ina lake, na linaokoa watu; sitakuambia mlifute kesho. Lakini ujue udhaifu wake. Picha hujihifadhi zenyewe kwenye simu ya kila mwanakundi, pamoja na zile simu ambazo watoto huchezea nyumbani. Nyingine hupanda kwenye akaunti ya mtu binafsi mtandaoni. Aliyeacha kazi miaka miwili iliyopita bado yumo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo si suala la adabu tu.

Fanyeni hivi: simu moja ya kituo, yenye nywila, inayokaa kituoni na kukabidhiwa kwa sahihi kila zamu. Mazungumzo ni kati ya simu hiyo na simu ya idara, siyo kundi la watu sitini. Zimeni kuhifadhi picha kiotomatiki. Mgonjwa ni namba. Jina na namba vinakutana kwenye rejista ya karatasi iliyofungiwa kabatini. Uso usipigwe isipokuwa ugonjwa uko usoni, na hapo macho yazibwe kama si sehemu ya tatizo. Mgonjwa aelezwe kwa lugha yake picha inakwenda kwa nani na kwa nini, akubali au akatae, na jibu lake liandikwe. Akikataa anatibiwa kama kawaida, bila kununiwa. Halmashauri ikiwaletea mfumo wenye sehemu ya mashauriano, uliounganishwa na GoTHOMIS (mfumo wa serikali wa kielektroniki wa kuendeshea vituo vya afya), hamieni huko.

Mtandao na umeme

Sasa turudi kwenye picha iliyokwama. Kabla ya kulaumu mtu, pimeni. Kwa siku tano, mara tatu kwa siku, saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, pimeni kasi na muandike kwenye daftari. Msiangalie kasi ya kupakua ambayo matangazo ya bando huisifia. Angalieni ya kupakia, kwa sababu ninyi ndio mnaotuma. Sauti peke yake inatosheka na takribani kilobiti 100 kwa sekunde. Video ya kawaida inayoonyesha sura na mwendo inataka kilobiti 600 hadi megabiti 1, tena isiyopanda na kushuka. Ikiwa vipimo vyenu vinacheza kati ya megabiti 3 asubuhi na kilobiti 200 jioni, video ni ya asubuhi tu, na asubuhi bingwa hayupo. Basi hapo mmeshajua.

Jengo lenye bati na nondo humeza mawimbi. Ruta yenye antena ya nje iliyopandishwa kwenye nguzo ya mita sita na kuelekezwa mnarani huleta tofauti kubwa kuliko kubadili kifurushi. Laini mbili za kampuni tofauti ni wazo zuri, ila ulizeni kwanza: vijijini kampuni mara nyingi hupanga kwenye mnara mmoja, na mnara ukikosa dizeli zote mbili zinazima pamoja.

Gharama ya data ni ndogo kuliko hofu yake. Mgonjwa mmoja mwenye picha tano za megabaiti 3 ni megabaiti 15. Wagonjwa 40 kwa mwezi ni megabaiti 600. Video ya dakika 20 kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 150 kwenda na 150 kurudi, sawa na wagonjwa 20 wa tuma-usubiri. Lakini hata hiyo ndogo iwe na kifungu chake kwenye mpango wa kituo na mpango kabambe wa afya wa halmashauri, ilipwe kwa fedha za kituo kama mnavyolipia mafuta. Tibamtandao inayokula bando la mfukoni mwa muuguzi hufa mwezi wa tatu, na hakuna wa kumlaumu.

Umeme ukikatika, hesabu yenyewe ni hii. Kompyuta mpakato wati 50 kwa saa 4 ni 200. Ruta wati 10 kwa saa 10 ni 100. Taa mbili za wati 9 kwa saa 5 ni 90. Simu mbili, 30. Jumla 420 wati-saa. Sehemu hupotea kwenye nyaya na inveta, kwa hiyo gawanya kwa 0.75 upate 560. Betri ya risasi ya volti 12 isishushwe chini ya nusu, hivyo kwa siku moja unahitaji karibu Ah (ampea-saa) 100, na kwa kuvuka siku moja ya mawingu Ah 200. Ya lithiamu, ambayo unaweza kutumia hadi asilimia 80 ya chaji yake, itatosha ya Ah 55 hadi 60 kwa siku moja. Paneli ya wati 150 hadi 200 inaijaza kama jua lenu ni la saa tano kamili. Kinachoharibu hesabu hii si jua, ni jiko la umeme la chai na pasi. Soketi za mfumo huu zifungwe mahali pake peke yake.

Video inapofaa

Afya ya akili, kwa sababu bingwa anahitaji kumwona mtu anavyozungumza na kunyamaza. Lakini hapo chumba kiwe na mlango unaofungwa na ukuta usiovujisha sauti hadi kwa wanaosubiri, na mgonjwa aambiwe nani wengine wako chumbani upande wa pili. Mazoezi ya viungo baada ya kiharusi. Mtetemeko na mwendo. Kumwelekeza mkunga au tabibu jambo analolifanya kwa mikono wakati huo huo. Na kuzungumza na familia kabla ya rufaa kubwa, jambo ambalo linapunguza wale wanaoishia njiani kwa sababu hawakuelewa wanaenda kufanywa nini. Hata hapo, sauti ipitie simu ya kawaida na picha ipitie mtandao. Picha ikiganda, mazungumzo yanaendelea.

Mkija kufuatwa na kampuni yenye mfumo tayari, angalieni mambo mawili kwenye mkataba: taarifa ni za nani, na kampuni ikifunga zinarudije kwenu kwa umbo linalosomeka. Rwanda walikuwa na Babyl tangu 2016, huduma ya kumpata daktari hata kwa simu ya kitochi, iliyounganishwa na bima ya afya ya jamii, na watu zaidi ya milioni 2 walijisajili. Haikufa kwa kukosa wagonjwa. Kampuni mama iliyokuwa Uingereza ilianguka mwaka 2023, na huduma ikaenda nayo.

Cha kuandika kwenye mpango

Miezi mitatu ya kwanza bila ununuzi zaidi ya data na rejista. Safu za rejista ziwe: namba ya mgonjwa, tarehe na saa ya kutuma, rangi, saa ya kujibiwa, ushauri, uliwezekana kufuatwa au la na kwa nini, na hali ya mgonjwa siku ya 14. Safu hiyo ya mwisho inahitaji mtu wa kupiga simu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kupita nyumbani. Msipoipangia mtu, itabaki tupu. Msihesabu idadi ya vikao vya video. Hesabuni wangapi walijibiwa ndani ya muda, wangapi hawakulazimika kusafiri, na wangapi walifika hospitali mapema kuliko ambavyo wangefika. Kama waliojibiwa ndani ya muda ni chini ya nusu, msiombe vifaa. Rudini hospitali mkazungumzie rota. Kama wengi wamejibiwa lakini ushauri haukufuatika, tatizo liko kwenye dawa na vipimo, na hizo ndizo fedha za kuomba. Kwa vituo vingi orodha hiyo huwa mkanda mkubwa wa presha, oksimita ya pili, vipande vya kupimia sukari na kisanduku cha taa cha eksirei.

Televisheni itoeni stoo. Ina kazi nzuri: hospitali ikiwa na kipindi cha mafunzo ya kila wiki, wahudumu wote wa kituo wanaweza kukifuata kwa pamoja, na hapo picha ikiganda kwa sekunde kumi hakuna anayeumia. Ya inchi 55 hula wati 100 hadi 150, kwa hiyo iende kwenye umeme wa gridi na si kwenye ile betri, ipitie kifaa cha kuzuia umeme kupanda ghafla, na kabla ya kuitundika fundi aangalie nyuma ya ukuta hakuna bomba la tangi la maji.